Unga wa lishe wa dukani: tathmini ya pakiti tatu katika nyumba moja ya Tabata

Karibu kila duka la vyakula jijini Dar es Salaam, kuanzia kibanda cha mtaani hadi duka kubwa lenye vitoroli vya kusukuma, lina sehemu yake ya unga wa lishe. Pakiti hufanana mno: mfuko unaong'aa wa nusu kilo au kilo moja, picha ya mtoto mwenye mashavu yaliyojaa, orodha ndefu ya nafaka na mbegu, na maneno yanayosema kwamba unga huo unawafaa watoto wadogo, wajawazito, wanaonyonyesha, wazee, wagonjwa na wanamichezo. Hapa ninatathmini aina tatu za unga huo nilizozinunua katika maduka ya kawaida, nikazipika na kuzinywa pamoja na familia ya kaka yangu. Majina ya watengenezaji nimeyaacha makusudi, kwa kuwa mengi ya ninayoyasema yanahusu rafu nzima na si mfuko mmoja, na kwa kuwa baadhi yao ni akina mama wajasiriamali walioanzisha kazi hii kwa jasho lao na hawastahili kubebeshwa lawama ya soko zima.

Nyumba ya kaka yangu sikuichagua kwa undugu tu. Humo kuna watoto wawili wanaokunywa uji wa sufuria moja, na miili yao inaeleza habari mbili tofauti kabisa. Mdogo ni mvulana wa miezi ishirini ambaye bado ananyonya. Ana kilo 10, na kwenye kadi yake ya kliniki nukta zote za uzito zimekaa kwenye kijani, kwa hiyo hakuna muuguzi aliyewahi kumsimamisha mama yake na kumwambia neno. Alipopimwa urefu na afisa lishe, hata hivyo, alikuwa na sentimita 77, wakati mvulana wa umri huo kwa wastani hufika 84 hivi, na mpaka wa udumavu uko karibu na 78 na nusu. Dada yake ana miaka tisa. Urefu wake ni sentimita 133, ambao hauna tatizo lolote, lakini uzito wake ni kilo 42, na ukigawanya uzito huo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kama wanavyofanya wataalamu, unapata uwiano unaokaribia 24, wakati kwa msichana wa umri wake kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia, huhesabiwa kuanzia 21 na nusu hivi. Mimi ni shangazi yao, kwa hiyo ninaweza kuuliza maswali ambayo mgeni asingethubutu kuyauliza mezani, na wifi mwenyewe ndiye aliyeniruhusu niyaandike haya alimradi nisitaje majina ya watoto.

Nyumba ya namna hiyo si kioja. Utafiti wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, asilimia 4 wana uzito uliozidi, na asilimia 36 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Miaka michache tu kabla ya hapo, katika utafiti wa 2015/16, udumavu ulikuwa asilimia 34 na wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 28, maana yake ni kwamba tatizo la kwanza linashuka kwa kusuasua huku la pili likipanda kwa haraka. Makadirio ya UNICEF, WHO na Benki ya Dunia kwa mwaka 2024 yalikuwa watoto milioni 150 waliodumaa duniani na zaidi ya milioni 35 wenye uzito uliozidi, wote wakiwa chini ya miaka mitano. Watu wengi bado huyachukulia makundi haya kuwa ya nchi mbili tofauti, moja ya maskini na nyingine ya matajiri. Tabata yamekaa kwenye mkeka mmoja, na pakiti ya unga wa lishe imewekwa katikati yao kama dawa ya wote wawili. Ndiyo maana nimeona bidhaa hii inastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko tunavyochunguza, kwa mfano, majani ya chai.

Pakiti ya kwanza ndiyo inayouzika zaidi na ndiyo itakayochukua nafasi kubwa hapa. Ni mchanganyiko wa vitu kumi na viwili: mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele, ulezi, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, ndizi kavu na dagaa. Kilo moja niliinunua kwa shilingi 6,500. Muuza duka alinihakikishia bila kuulizwa. "Dada, huu una vitu vyote ndani, mtoto atanenepa mpaka ushangae," alisema, na nikaona baadaye kwamba ahadi yake haikupishana na ile iliyoandikwa nyuma ya mfuko, yaani kwamba unga huo huongeza uzito kwa haraka.

Kwa ladha, sina budi kuusifu. Unanukia karanga zilizokaangwa vizuri, rangi yake ni ya hudhurungi ya kupendeza, na ukipikwa kwa moto mdogo kwa dakika ishirini hivi unatoa uji laini usio na mabonge. Harufu ya dagaa haisikiki kabisa, jambo ambalo wifi alilifurahia na ambalo mimi lilinitia shaka, kwa sababu dagaa wa kutosha kuleta manufaa yoyote katika unga hawajifichi hivyo. Nyuma ya ulimi kulikuwa na uchungu mdogo. Uchungu huo mara nyingi hutokana na soya ambayo haikuiva vya kutosha kabla ya kusagwa, na si suala la ladha peke yake: soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, hivyo ni lazima ichemshwe au ikaangwe mpaka iive kwelikweli ndipo ipelekwe mashineni. Mfuko haukueleza soya iliandaliwa vipi. Tarehe ya kutengenezwa iligongwa kwa muhuri uliofifia, na ya mwisho wa matumizi ilikuwa mwaka mzima mbele, muda ambao kwa unga wenye karanga, ufuta na dagaa ni wa matumaini mno, kwani mafuta ya mbegu zilizosagwa huanza kuharibika ndani ya wiki chache katika joto letu.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye orodha yenyewe, ambayo wanunuzi wengi huiona ndiyo sifa kuu ya bidhaa. Vitu kumi na viwili vinasikika vingi, lakini sita vya kwanza ni nafaka, na mahindi yakiongezewa mchele, ngano, mtama, uwele na ulezi yanabaki kuwa wanga juu ya wanga. Maofisa lishe wamekuwa wakieleza kwa muda mrefu kwamba nafaka moja, au mbili ukipenda, pamoja na kitu kimoja cha jamii ya kunde au mbegu za mafuta zinatosha, na kwamba kuongeza nafaka ya tatu, ya nne na ya tano hakumwongezei mtoto kirutubishi ambacho hakuwa nacho. Zaidi ya hayo, nafaka na kunde zisizolowekwa wala kuoteshwa zina asidi ya faiti, ambayo hushikamana na madini ya chuma na zinki na kuyafanya yapite tumboni bila kufyonzwa. Mtoto wa miezi ishirini anayehitaji chuma na zinki ili akue hupewa basi kikombe ambacho kwa maandishi kina madini hayo na kwa uhalisia kinamwachia kiasi kidogo tu. Hakuna unga wa mimea mitupu unaoweza kushindana hapo na kipande kidogo cha ini, yai, samaki au nyama, na pakiti haithubutu kusema hivyo kwa sababu ikisema itakuwa inamtuma mteja kwenye duka jingine.

Kuna pia suala la sumukuvu, ambalo nalitaja kwa uzito wake. Mahindi na karanga ni mazao mawili yanayoshambuliwa zaidi na kuvu wanaotoa sumu hiyo, na mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipoteza watu kwa kula nafaka iliyochafuliwa. Sumukuvu haionekani kwa macho ikishasagwa, haina ladha, na haiondoki kwa kuchemsha uji. Kiwango kinachoruhusiwa katika viwango vya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na watafiti wameihusisha sumu hiyo na kudumaa kwa watoto wanaoimeza kidogo kidogo kila siku. Kwa mnunuzi, njia pekee ya kujipa uhakika kiasi ni kutafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula baada ya jukumu hilo kuondolewa kwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Pakiti yangu ya kwanza haikuwa na alama hiyo. Ilikuwa na namba ya simu ya mtengenezaji na picha ya mtoto.

Sasa tuingie jikoni, kwa maana bidhaa hii hainywewi ikiwa unga. Wifi hupika kama wanavyopika akina mama wengi: vijiko viwili vya chakula vya unga kwa kila kikombe cha maji, uji ukawa mwepesi wa kupitishwa kwenye kikombe chenye mdomo, kisha vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa ili mtoto asiukatae. Nilipima unga huo kwenye mizani ya jikoni ukawa gramu 25, ambazo hutoa takriban kilokalori 90. Sukari ilikuwa gramu 15, yaani kilokalori 60. Kwa hiyo katika kila kikombe alichokunywa mtoto huyu, asilimia 40 ya nguvu ilitoka kwenye sukari tupu, na hayo yote yaliingia chini ya jina la chakula cha lishe. WHO inapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku nzima kwa watu wa rika zote, na kwa watoto walio chini ya miaka miwili inashauri vinywaji vitamu viepukwe kabisa.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini mtoto anaweza kushiba uji kila siku na bado akadumaa. Tumbo la mtoto hubeba kwa mlo mmoja takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo huyu wa kilo 10 hawezi kuvuka mililita 300 hata akibembelezwa. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili ambaye bado ananyonya anahitaji takriban kilokalori 550 kutoka kwenye chakula. Kwa uji ule bila sukari angehitaji vikombe sita kwa siku. Kwa uji ule wenye sukari angehitaji karibu vinne, na ndiyo njia ambayo nyumba nyingi zimeichukua bila kuipigia hesabu. Uzito hupatikana, nukta inabaki kwenye kijani, na mifupa ambayo ilihitaji protini, zinki na kalsiamu inaendelea kusubiri.

Hapa sina budi kuisema kliniki pia, ingawa si bidhaa ninayoitathmini, kwa sababu ndiyo inayoiuza pakiti bila kukusudia. Mizani ya kuning'inia ipo karibu kila mahali, lakini ubao wa kupimia urefu hutolewa kwa nadra, na foleni ikiwa ndefu hautolewi kabisa. Mama huulizwa kuhusu uzito, husifiwa kwa uzito, hukemewa kwa uzito, na akitoka getini anakutana na mfuko unaoahidi uzito. Katika hali hiyo mtoto mfupi mwenye kilo za kutosha huonekana mzima, na mtoto wa miaka tisa mwenye kilo za kuzidi haonekani kabisa, maana aliacha kupelekwa kliniki alipomaliza chanjo ya surua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 daktari wa Kiingereza David Barker na wenzake wa Southampton walionyesha kwamba watu waliozaliwa na uzito mdogo au waliokosa lishe mapema walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya magonjwa ya moyo na kisukari walipokuwa watu wazima, hasa wale walioongezeka uzito baadaye. Kumnenepesha kwa sukari mtoto aliyekwisha kudumaa hakumrudishii urefu wake, na kunaweza kumwekea msingi wa tatizo lile ambalo dada yake tayari analo.

Pakiti ya pili ilinishangaza kwa wema. Ni ulezi na soya tu, nusu kilo kwa shilingi 2,200, mfuko wa karatasi usio na picha yoyote, wenye alama ya TBS na sentensi moja inayoeleza kwamba ulezi uliloweshwa na kuoteshwa na soya ikachemshwa kabla ya kukaushwa. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko orodha nzima ya pakiti ya kwanza. Nafaka iliyooteshwa, ambayo ndiyo kimea kinachojulikana kwa wapika pombe, hupunguza asidi ya faiti na huufanya uji mzito ulegee, kiasi kwamba unaweza kutia unga mara mbili zaidi katika kikombe kile kile na mtoto akaweza kuumeza. Si maarifa mapya. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilihamasisha kimea cha watoto vijijini, na Iringa ilikuwa na mpango mkubwa wa lishe uliosaidiwa na WHO na UNICEF kwa fedha za Italia, ambapo watoto walipimwa vijijini na wanakijiji wenyewe wakajadili matokeo. Inasikitisha kwamba utafiti wa 2022 uliikuta Iringa ile ile, inayotulisha mahindi sisi wa Dar es Salaam, ikiongoza kwa udumavu, zaidi ya nusu ya watoto wake wakiwa wamedumaa. Kama nafaka peke yake ingekuwa dawa, Iringa, Njombe na Rukwa zisingekuwa zinashika nafasi za juu katika orodha hiyo.

Kasoro za pakiti ya pili ni ndogo. Ladha yake ni ya uchachu kidogo, ambayo mtoto wa miaka tisa aliikataa mara moja na mdogo akaizoea baada ya kubembelezwa. Rangi ni ya kijivu isiyovutia. Na haipatikani kila duka. Haina virutubishi vilivyoongezwa kiwandani, na mfuko ungepaswa kusema wazi kwamba mtoto bado anahitaji chakula cha asili ya wanyama. Kanuni za mwaka 2011 ziliwataka watengenezaji wa unga wa ngano na mafuta ya kula kuongeza virutubishi, lakini unga mwingi wa lishe unaosagwa na wajasiriamali hauguswi na utaratibu huo.

Pakiti ya tatu ni ya kiwandani, ya kukoroga kwa maji ya moto bila kupika, gramu 400 kwa shilingi 11,000. Nitaipitia kwa kifupi kwa sababu wengi wanaoisoma tathmini hii hawatainunua kila wiki. Sifa yake ya kweli ni kwamba ina chuma, zinki na vitamini zilizoongezwa kwa vipimo vinavyoandikwa, kitu ambacho zile mbili za mwanzo hazina. Aibu yake ni kwamba kwenye orodha ya viungo, ambako kiungo chenye uzito mkubwa hutangulia, sukari imeandikwa ya pili baada ya unga wa ngano, mbele ya maziwa. Mwezi Aprili 2024 shirika la Uswisi liitwalo Public Eye, likishirikiana na IBFAN, mtandao wa kimataifa unaofuatilia vyakula vya watoto wachanga, lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kampuni moja kubwa ya nchi hiyo ilikuwa ikiongeza sukari katika vyakula vya watoto wachanga inavyoviuza Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, huku vile inavyoviuza Uswisi kwenyewe vikiwa havina. Pakiti niliyoinunua mimi si ya kampuni hiyo, lakini mdomo wa mtoto hautofautishi, na mtoto aliyezoeshwa utamu huo akiwa na miezi sita huukataa uji wa ulezi akiwa na miezi kumi.

Tukirudi kwa msichana wa miaka tisa, ambaye picha zote za mifuko zinamsahau, yeye hunywa uji huo huo asubuhi katika kikombe kikubwa chenye sukari zaidi, pamoja na maandazi mawili, kwa kuwa nyumbani wanaamini kwamba uji wa lishe hauwezi kumdhuru mtu. Akifika shuleni ana shilingi 1,000 mkononi, na fedha hiyo nje ya geti hununua kile kilichopo: chipsi za mafuta yaliyotumika tena na tena, soda, barafu za rangi, biskuti. Soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Jioni anarudi, eneo la kuchezea lililokuwepo karibu na nyumbani limejengwa fremu za maduka, na televisheni ndiyo uwanja uliobaki. Sitaki kuubebesha unga makosa yote hayo. Lakini kama bidhaa inajitangaza kwa watu wote kuanzia mtoto mchanga hadi mwanamichezo, inawajibika pia kwa mtu ambaye hakuhitaji hata kijiko chake kimoja. Msichana huyu hakukosa nguvu. Akipungukiwa na kitu basi ni matunda, mboga na pengine damu, kwa sababu unene haumzuii mtoto kuwa na upungufu wa damu. Neno "huongeza uzito" kwenye mfuko lilipaswa kuwa onyo kwake, na nyumbani limesomwa kama sifa.

Ili tathmini iwe ya haki nililinganisha pakiti zote na unga tuliousaga wenyewe. Tulichukua kilo tatu za mahindi na kilo moja ya karanga, uwiano unaokaribiana na ule unaoshauriwa wa sehemu tatu au nne za nafaka kwa sehemu moja ya kunde au mbegu. Karanga tulizichambua moja moja, zilizosinyaa na zenye madoa tukazitupa wala hatukuwapa kuku, kisha tukazikaanga na kupeleka vyote kwenye mashine ya mtaani. Pamoja na gharama ya kusaga, kilo moja haikufika shilingi 2,500. Uji wake si mtamu kama wa pakiti ya kwanza na una chembechembe kidogo, lakini tunajua kilichomo na tunajua ulisagwa lini. Tunasaga wa kutumia ndani ya mwezi mmoja tu na kuuhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na jiko.

Hukumu yangu basi ni hii. Pakiti ya kwanza siipendekezi kwa bei yake, si kwa sababu ni mbaya kuliko sembe, bali kwa sababu mteja hulipa mara tatu ya bei ya sembe ili apate nafaka sita badala ya moja, bila alama ya ubora na kwa ahadi inayolenga mizani. Mtengenezaji angeweza kuiokoa kwa kuondoa nafaka nne, kuongeza soya iliyoiva, kufupisha muda wa matumizi na kufuta neno la kuongeza uzito. Pakiti ya tatu inaweza kumfaa mzazi aliye safarini au mtoto anayehitaji chuma kwa ushauri wa mtaalamu, ila kwa matumizi ya kila siku sukari yake haikubaliki. Pakiti ya pili ningeinunua tena, na kwa mtu asiye na muda wa kuchambua karanga ndiyo ningemwelekeza.

Anayeinunua kwa ajili ya mtoto wa umri wa miezi sita hadi miaka miwili aupike mzito, kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kutiririka, alishe kwa kijiko na bakuli badala ya kikombe cha mdomo, aache sukari, na atie kijiko cha karanga iliyosagwa au mafuta kidogo. Kisha afanye hesabu iliyomshawishi wifi kuliko maneno yangu yote. Tofauti ya bei kati ya kilo ya pakiti ya kwanza na kilo ya unga tuliousaga wenyewe ni shilingi 4,000, na kwa bei ya sasa ya dukani kwetu, shilingi 500 kwa yai, fedha hiyo inatosha mayai manane. Mdogo sasa hupewa yai moja siku moja na dagaa waliosagwa siku nyingine. Dada yake amebakiziwa kikombe kidogo kisicho na sukari, andazi moja limeondolewa, na chungwa limeingia kwenye begi lake la shule, ingawa kuhusu ile shilingi 1,000 ya getini mazungumzo kati yake na mama yake bado yanaendelea.